Dirisha Kubwa la Bungulu

Butembo, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Masika,

Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na nawajua, mkishaanza kuimba hamtaacha mpaka mtu azime taa. Basi nimekaa hapa jikoni na zile karatasi zako za shule ulizosema hazina kazi tena, simbilisi wanapita miguuni wakidhani nimewaletea majani, nami naandika. Kesho alfajiri kutakuwa na lori linapiga honi, mjomba wako anapanga mizigo kwa kelele, na majirani waliokuja kuaga na kuangalia umebeba nini. Nikianza kusema maneno haya mbele yao nitalia, na mwanamke anayeuza sufuria sokoni hawezi kulia mbele ya wateja. Watadhani siku hiyo anapunguza bei.

Sitakuambia habari ya maji ya kuchemsha, wala chandarua, wala kwamba Beni kuna joto na sweta la huku uliache. Hayo umeyasikia tangu Jumapili, mpaka ukaanza kuyasema pamoja nami kwa sauti yangu, ukidhani sioni. Nakuandikia juu ya madirisha. Usitafute fumbo ndani yake. Nikisema dirisha, nasema dirisha.

Unakwenda kufungua nyumba yetu ya Bungulu, kule Beni, na wewe ndiye wa kwanza wetu kurudi kulala ndani yake tangu vita vya kwanza. Mama Kanyere, jirani yetu wa kule, ametuma neno kwa dereva kwamba askari wa mwisho waliokaa mle wamehamishwa. Dereva alilileta lilivyo: "Muambie Mama Masika, nyumba iko bure sasa. Mutu mwingine akiingia mbele yenu, kumutoa hapana tena." Na mkuu wa mtaa amesema waziwazi kwamba mwenye nyumba kwake ni yule anayeonekana anakaa ndani, anapika, anafunga madirisha yake usiku. Tukiikosa mara hii tumeikosa moja kwa moja. Hilo unalijua, na ndiyo sababu ulikubali kazi ya kufundisha kule wakati wenzako wote wanangoja nafasi za hapa Butembo. Nililiona nikanyamaza. Wasingya, mama. Asante sana.

Halafu kuna baba yako. Juzi ulimwendea kuomba baraka, ukapiga magoti kabisa, naye akasimama akaenda kukata majani ya simbilisi. Ukarudi jikoni na macho mekundu ukasema ni moshi, na moto ulikuwa haujawashwa. Tangu habari ya Mama Kanyere ifike amesema neno moja tu kuhusu nyumba ile: "Ile dirisha kubwa ya salon, muzibe na matofali." Kwa hiyo tumechongesha fremu tatu tu, mbili za vyumba na moja ya jikoni, na kwa lile dirisha kubwa la sebuleni unapeleka saruji. Unadhani anakukatalia safari. Mimi nimekaa naye miaka yote hii na sijui kama anakukatalia. Lakini kwa nini anataka lile lizibwe, hilo najua. Wewe hujui yote, kwa sababu wakati ule ulikuwa Kasugho kwa bibi yako, mtoto mdogo, unanenepa kwa ndizi zake.

Unachokijua ni ile hadithi ya mjomba wako, anayoisimulia kila Noeli akishashiba, jinsi dada yake alivyong'oa madirisha ya nyumba nzima siku moja kwa ajili ya wivu. Watu hucheka, nami hucheka. Mjomba wako husahau kusema kwamba lori lililoyabeba lilikuwa lake.

(Baba yako yuko chumbani anagonga kitu. Labda ni ule mguu wa kitanda ambao nimeusema tangu Pasaka.)

Wivu ulikuwepo, sikatai. Mama Kanyere alikuwa ametia vioo. Jioni jua likivipiga, mwanga wake ulivuka ua na kunifikia mezani kwangu, nakula huku macho yananiuma. Madirisha yetu yalikuwa ya mbao tupu. Baba yako aliyatengeneza mwenyewe tulipooana, mazuri, mazito, ila ukiyafunga ni giza na ukiyafungua ni mbu. Nikataka vioo. Baba yako akasema sawa, lakini tutatoa moja, tutatia moja, ndipo tuguse la pili.

Fundi aliyesifika alikuwa Mbau, kwenye barabara ya Oicha, jina lake Fundi Katembo, mwenye mbao nyekundu za libuyu zisizoliwa na wadudu. Alikuwa na mwendo wake, na mafundi wengi wa kule walikuwa hivyohivyo. Hakutaka vipimo. Ukimpelekea kamba yenye mafundo anakurudishia na kamba yako. "Kamba inavutika, mama," aliniambia. "Unileteye kadre yenyewe, nitaona na macho yangu." Alitaka fremu ya zamani ailaze chini, alaze mbao mpya juu yake, akate. Kwa hiyo mtu wa Beni aliyetaka dirisha kwake aling'oa moja, akaweka mkeka kwenye tundu, akalipeleka Mbau, akalingoja lirudi pamoja na jipya. Kisha la pili. Nyumba yenye madirisha manne ilimaliza miezi. Hakuna aliyelalamika.

Mimi nikaona mwendo huo ni wa watu wasio na kaka mwenye lori. Mjomba wako alikuwa anapita Mbau na gari tupu.

"Donc, tutume yote mara moja," nikasema.

"Nyumba italala wazi," baba yako akasema.

"Siku chache tu. Nani ataiba tundu?"

Niliona nimesema jambo la akili sana. Baba yako akachukua jembe akaenda shambani, kama anavyofanya nikimshinda kwa maneno, na mimi nikaita vijana wawili wenye mitaimbo. Waliegemeza vyuma vyao ukutani, wakasukuma, na fremu zikatoka na matofali yake. Kabla ya saa sita tulikuwa na nyumba unayoweza kuona ndani yake kutoka pande zote. Juu ya tundu la sebuleni ufa ulipanda mpaka karibu na bati. Nikauziba kwa udongo kabla baba yako hajarudi. Aliuona kabla hajatua jembe.

Hapa sasa nataka usome polepole, kwa sababu wewe utatoa fremu wiki hii hii.

Mama Kanyere anasema askari walitia fremu zao wenyewe, za mbao za masanduku, wakapigilia mabati juu yake. Hizo ndizo za kutoka kabla zako hazijaingia. Lakini nyumba ile ilijengwa kama tulivyojenga wote wakati ule. Fremu husimamishwa kwanza, matofali yakapanda pembeni yake, na misumari mirefu iliyopigwa ubavuni mwa fremu ikamezwa na udongo. Juu hakuna boriti. Fremu ndiyo inayobeba matofali yote ya juu, na ukiitoa hivihivi, matofali yale yatakutafuta wewe. Kwa hiyo mti kwanza. Toa tofali moja juu ya fremu, pitisha mti mnene utokeze ndani na nje, kisha uusimamishie nguzo pande zote mbili na kuzikaza kwa kabari. Ndipo utoe vile vibao vya kufungia dirisha. Ndipo ukate ubao wa chini katikati kwa msumeno, halafu ule wa ubavuni, na kuvivuta vipande kuelekea katikati ya tundu. Usiegemeze mtaimbo kwenye ukuta. Ukuta huo umechoka kuliko mimi.

Huo ni mwendo wa fremu usiyoitaka tena. Ukitaka fremu itoke nzima kuna mwendo mwingine, mrefu. Unaingiza msumeno wa chuma, ule mwembamba, kati ya fremu na ukuta, unatafuta msumari mmoja mmoja na kuukata mlemle ndani. Unakwaruza mpaka meno yanauma. Lakini hilo halikuhusu, fremu za askari ni kuni tu.

Moja litoke, moja liingie. Lile jipya lisimame, likazwe, udongo ushike, ndipo uguse la pili. Fundi wa Beni atakuona msichana mwenye sketi ya shule na atakuambia, "Mademoiselle, tutoe yote leo tumalize." Mwambie hapana. Akinuna, apike chai yake mwenyewe. Na Mama Kanyere atakuita ukalale kwake mpaka kazi iishe, maana ni mtu wa roho nzuri. Kula kwake, lala kwako.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilikwenda kwake.

Fremu zetu hazikuwa zimemaliza juma moja Mbau barabara ilipofungwa. Kwanza ilikuwa ni uvumi, halafu watu wakaanza kupita Bungulu na magodoro kichwani, wanatoka kaskazini, wengine kusini, kila upande unaukimbia mwingine. Siku askari walipoingia mjini mtaa mzima ulijifunga. Ulisikia makomeo nyumba baada ya nyumba. Sisi tulikuwa na mikeka. Mama Kanyere akaita juu ya ua, "Mama Masika! Mukuje kwangu, mufanye mbio!" Nikachukua kile kitenge chenye vitu vyetu vya maana. Baba yako alivuta kiti kutoka mezani, akakiweka ndani ya lile dirisha kubwa, akakaa.

"Papa Masika, tuende."

"Nyumba iko wazi. Mutu abakie."

"Watakuua!"

"Enda, mama. Mimi niko hapa tu."

Nikaenda. Na nilichokiona baadaye nilikiona kupitia kioo cha Mama Kanyere, vile vioo nilivyovitamani. Walikuja vijana watano au sita, wengine wadogo. Hakuna aliyegusa mlango, na mlango ulikuwa umefungwa vizuri kweli, nilikuwa nimeufunga mimi. Waliinua miguu wakapita dirishani, mmoja mmoja, karibu na kiti chake. Maneno yao sikuyasikia. Baba yako alinisimulia mara moja tu na hatasimulia tena, basi yachukue kwangu. Wa kwanza alimuuliza, "Hii nyumba ya nani?" Akajibu, "Yangu." Yule akatazama matundu yote akacheka, akawaambia wenzake, "Nyumba ya mutu iko na madirisha. Hii iko bure." Hawakumpiga. Walimtwisha mzigo, na nikamwona akipita mbele ya ua na sanduku kichwani, amenyoosha shingo, anatazama mbele. Hakugeuka upande wetu. Nilidhani amenikasirikia. Kumbe hakutaka wajue kuna mke wake mle ndani.

Alirudi mahindi yakiwa yameshavunwa. Miguu yake usingeitambua. Alisimama barabarani akatazama nyumba yake, na ndani ya dirisha kubwa kulikuwa na kijana amekaa kwenye kiti kile kile, anakula. Hawakumruhusu kuingia hata kuchukua patasi zake. Ndipo tukaja Butembo, na tangu siku hiyo baba yako hajakanyaga Beni. Ukimtaja mtu wa Bungulu, anakwenda kukata majani.

Nilijilaumu, Masika, mpaka kujilaumu kukawa kazi ya pili baada ya sufuria. Nikimwona anashuka kilima taratibu kwa ajili ya magoti, najisemea, ni vioo vyako hivyo. Haikunisaidia na haikumsaidia. Kisha nikaanza kuwasikiliza wateja wangu. Mmoja alikuwa na madirisha mazima na makomeo ya chuma, nyumba yake ilichukuliwa. Mwingine alikuwa na vioo, vilivunjwa kwa kitako cha bunduki. Mama Kanyere mwenyewe hana hata kimoja leo. Kosa langu lilikuwa kung'oa yote siku moja, na hilo ni langu kweli, silikatai. Vita havikuwa vyangu. Nimevitenga viwili hivi kama ninavyotenga sufuria iliyotoboka na iliyo nzima, na sivichanganyi tena. Utakosea kule, mwanangu, mtu hawezi kufungua nyumba bila kukosea. Lichukue kosa lililo lako, uliangalie, ulitengeneze. Usibebe na ya watu wengine juu yake, kwa sababu utachoka na hutatengeneza chochote. Hilo nililinunua ghali na nakupa bure.

Kugonga kumekoma. Sasa kuna kimya, na baba yako akiwa kimya ndani ya nyumba mimi hupenda kwenda kuangalia. Lakini ngoja nimalize ya Fundi Katembo, maana hapo ulikuwepo, ulikuwa umesharudi kutoka Kasugho, na naamini uliyaona bila kuyaelewa.

Vita vya pili vilikuwa vimeshakuja juu ya vya kwanza. Siku ya soko, lori linashusha watu waliokimbia Mbau, na juu kabisa ya magunia yuko mzee amekumbatia mbao. Akaniona, akapaza sauti kabla hajashuka: "Mama! Kazi haijaisha, mais kipimo nimeleta!" Ilikuwa fremu yetu ya sebuleni, ile ya baba yako. Nyingine zote askari walizipikia. Hii mke wa fundi alikuwa ameipigilia wavu na kuanikia kahawa nyuma ya nyumba, na aliyekuja kutafuta kuni aliona ni kichanja cha kahawa akaiacha. Mtu anakimbia, ameacha randa zake, ameacha kitanda, na amebeba dirisha la mteja kwa sababu lilikuwa mikononi mwake kwa kazi. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope.

Baba yako hakucheka. Aliipapasa pande zote nne, akanusa ile kahawa, akaanza siku hiyo hiyo kupanua tundu la chumba chetu. Unakumbuka majirani walivyosema, nyumba ndogo jicho kubwa, mtalala na kilima kizima chumbani. Mimi ndiye niliyeshika nguzo wakati anatoa fremu ya zamani, na yote niliyokuandikia juu ya mti, kabari na msumeno nilijifunza siku ile. Alinionyesha kila kitu taratibu. "Shika hapa, mama. Hapana sukuma. Sikiliza ukuta." Hakunitajia Bungulu hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Tangu hapo kila asubuhi hufungua dirisha lile yeye mwenyewe, na jioni hulifunga yeye mwenyewe. Mimi siruhusiwi. Nilikuwa nasema ni uzee.

Masika.

Nimesikia msumeno.

Si msumeno wa mbao, huo naujua. Ni ule mwembamba, wa chuma. Unakwaruza, unasimama, unatafuta, unakwaruza tena. Nimeacha kalamu nikaenda kuangalia, sasa nimerudi.

Amesimama juu ya kigoda mbele ya dirisha lile la chumbani, vumbi la udongo limejaa kwenye mvi zake, mti umepitishwa ndani na nje na nguzo zimekazwa kwa kabari. Peke yake, na magoti yale. Misumari ya upande mmoja yote imeshakatwa. Nimesimama mlangoni nikamtazama.

"Papa Masika, unafanya je?"

"Unaona."

"Baridi ya Butembo itatuua."

"Tutavaa koti."

Akakwaruza tena. Nikamuuliza, "Si ulisema lizibwe na matofali?"

"Nilisema."

Alikata msumari huo mpaka mwisho. Kisha akapumzisha mkono juu ya fremu akasema, bila kugeuka, "Mutoto atakaa pale, atasahihisha madaftari ya batoto. Giza ataona nini? Mwangaza wa ile nyumba yote unapitaka pale."

Nikaingia nikamshikia kigoda.

"Umuandikie," akasema. "Kadre iko nzima. Fundi asikate hata kidogo, ile tundu niliijenga juu yake. Na mti kwanza."

"Nimekwisha kumuandikia mti kwanza."

"Andika tena."

Naandika tena. Mti kwanza.

Nimelia, mwanangu. Hakukuwa na mteja yeyote, kwa hiyo nimelia vizuri, nimemaliza, nimenawa uso. Sikumuuliza habari ya baraka, na wewe kesho usimuulize. Lori likija atakuwa ameishusha fremu mwenyewe, ataifunga kwa kamba juu ya magodoro, atamgombeza mjomba wako kuhusu fundo, na huenda asikuambie neno. Mshike mkono ulio na vumbi. Saruji ya kuziba uitumie kukazia fremu, na vioo tutie siku tutakapokuja kukutembelea. Nimesema tutakapokuja. Sijamwuliza yeye, lakini mtu haachi dirisha lake liende mahali asipokusudia kulitazama.

Usiogope nyumba ile. Sikwambii hivyo kwa sababu vita vimekwisha, maana hakuna anayejua kama vimekwisha. Nakwambia kwa sababu nimekuona ukibishana na wauza makaa tangu una miaka kumi, na sijakuona unashindwa. Siku mkuu wa mtaa atakapopita jioni, akute umewasha moto, umekaa ndani ya dirisha la baba yako na madaftari yako, na ukishamsalimia, lifunge taratibu mbele ya macho yake.

Fremu imetoka. Nimeshika upande wa chini, yeye wa juu, haina hata alama. Tundu lililobaki ni kubwa kuliko nilivyodhani, naona kilima chote na moshi wa watu wanaopika, na upepo umeshaingia kitandani. Nilileta turubai nikitaka kuligongomea. Akasema kesho. Akaenda sebuleni akarudi na kiti, akakiweka pale, ndani ya tundu, akakaa na koti lake.

Ukirudi kutoka kwaya usishangae kutukuta hapo wote wawili. Nimekuja na kiti changu. Mara hii siendi kwa jirani.

Mama yako